Enaji mbili na vidonge vya Makambako

SWALI: Shikamoo Daktari. Naendesha semi, Dar mpaka Tunduma. Nikitoka Ruaha Mbuyuni saa mbili usiku, saa kumi alfajiri nipo Igawa, na hapo ndipo macho yanapogoma. Nakunywa enaji mbili, nafungua dirisha, nanawa uso. Mwenzangu ananishauri vidonge vinavyouzwa kwenye maegesho Makambako. Vina madhara kwa moyo? – Dereva, Uyole

JIBU: Marahaba, suka. Moyo nitaufikia. Kwanza hizo enaji, maana wiki haipiti bila dereva kuniambia, "Dokta, usingizi nimeshauzoea." Hauzoeleki! Ukilala kwa saa 4 tu kila usiku, umakini unashuka siku hadi siku huku mwenyewe ukijiona mzima. Tangu unapoamka, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini ya enaji inaiziba isisikike, basi. Haiipunguzi. Ikiisha nguvu, deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Kinacholipa deni hilo ni kulala.

Halafu saa yenyewe ni mbaya. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri mwili wa binadamu unataka kulala, hata uwe ulipumzika mchana. Umetoka kwenye baridi ya Makambako, umeteremkia joto la Usangu, barabara imenyooka. Hapo dereva hulala macho wazi sekunde 3 au 4 asijue. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 4 ni karibu mita 90: semi 5 zilizopangana kwenye foleni ya mpakani, umezipita zote na hukuona hata moja. Maji ya uso hayakusaidii zaidi ya dakika chache.

Ukizidiwa, egesha nje ya barabara kabisa, kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kukolea, itakukuta unaamka. Usikamate usukani hapohapo. Shuka, zunguka gari, gonga matairi. Hiyo ni ya kukufikisha pa kulala, Tunduma isubiri.

Sasa vidonge. Dereva mmoja aliniletea vyake kwenye karatasi ya daftari: vinne, vyeupe, havina jina wala kipimo. Aliuziwa kama "vitamini ya masafa". Mapigo ya moyo wake yalikuwa 130, naye ameketi tu. Dawa za kukesha za jamii ya amfetamini hupandisha presha na kukimbiza moyo, na zikikatika usingizi huingia bila hodi. Huyo muuzaji anabaki kwenye stuli yake. Mteremko wa Iwambi utaushuka wewe.

Na nyie matajiri mnaopiga simu saa tisa usiku, "umefika wapi?", mnadhani dereva atawajibu kwamba amelala? Ataongeza enaji, au atampa utingo usukani "kidogo tu". Utingo wa mwisho niliyemshona baada ya hiyo "kidogo tu" alikuwa na miaka 19, na leseni hana.