Kwa mwalimu uliyekabidhiwa klabu ya uandishi: dhamira isubiri nje

Mwalimu uliyepangiwa shule ya huku nyanda za juu na kukabidhiwa klabu ya uandishi kwa sababu tu unafundisha Kiswahili, karibu. Uwe Uyole, Tukuyu, Mafinga au Makambako, wiki ya kwanza itafanana. Utawaambia wanafunzi waandike hadithi fupi. Nyingi utakazoletewa zitatokea Dar es Salaam, kwa tajiri mwenye ghorofa ambaye mletaji wa hadithi hajawahi kumwona, na karibu zote zitamalizika na "hadithi hii inatufundisha kwamba".

Usiwacheke. Wamefundishwa kuichambua kazi ya fasihi kwa mafungu mawili, fani na maudhui, na ndani ya maudhui kinachotajwa mapema ni dhamira. Mitihani inawauliza dhamira, ujumbe na migogoro. Kwa hiyo wakiambiwa watunge, wanaanzia pale mchambuzi anapoishia. Wanachagua "athari za dawa za kulevya" au "umuhimu wa elimu", halafu wanatafuta mtu wa kuibeba. Mtu aliyetafutwa kwa kazi hiyo hana deni, hana njaa, wala kiatu chake hakimbani.

Ndiyo maana ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wote ni huu: wakati wa kupanga, neno dhamira lisitajwe kabisa. Likitajwa na mtoto, mwambie lisubiri nje.

Tuchukue mfano. Kijana wa kidato cha pili anasema anataka kuandika kuhusu lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Nyumbani kwao ni upande wa Isyonje, viazi anavijua. Anaanza hivi: "Lumbesa ni tatizo sugu linalowakabili wakulima wengi nchini." Sentensi haina kosa hata moja la herufi, na hadithi imeshakufa. Hapo usisahihishe chochote. Uliza tu.

Nani ana viazi? Bibi. Bibi ya nani? Ya kijana anaitwa Lusajo. Kwa nini auze leo na si wiki ijayo? Kimya. Subiri. (Huu ukimya ndio unaowashinda walimu wapya. Wanaujaza wenyewe, na kuanzia hapo hadithi ni ya mwalimu.) Mwisho kijana atasema shule inafunguliwa Jumatatu na Lusajo hana sare. Sasa muulize anayemzuia bibi. Dalali. Na dalali anataka nini? Swali hili watoto huliruka, maana kwao dalali ni mtu mbaya na basi. Lakini dalali ana lori linaloondoka jioni, ana tajiri anayempigia simu kila baada ya muda, na tajiri huyo amemwambia magunia yasiyochomoza mdomoni asiyapakie. Sheria ya vipimo inajulikana, gunia lisizidi kilo 100, na dalali anaijua kuliko bibi. Haya yote kijana alikuwa nayo kichwani kabla hajakukuta. Ameyaona kando ya barabara tangu utotoni.

Halafu swali la mwisho la mpango: Lusajo mwenyewe atafanya nini? Kama anasimama tu akitazama, hadithi ni ya bibi, na ni heri imfuate bibi. Kama ndiye anayeshika sindano ya kushonea magunia, basi ana uamuzi mkononi: ashone au agome. Hapo mna hadithi. Mwache aamue tukio la mwisho litakuwa lipi. Nasema tukio, sio funzo. Akikujibu "mwisho watu wanajua kwamba dhuluma ni mbaya", mrudishe: nani amesimama wapi, ameshika nini, lori limeondoka au halijaondoka?

Mpango wote uenee nusu ukurasa wa daftari. Ukizidi hapo, mtoto ameanza kuandika hadithi yenyewe kwa jina la mpango, na nguvu itamwishia kabla ya rasimu. Kwa hadithi fupi ya kwanza mimi hupendelea mambo yatokee ndani ya siku moja na mahali pamoja au pawili. Wapo wanaolalamika kwamba wanabanwa. Wakishaandika ya tatu watapanua wenyewe.

Kuhusu rasimu sina mengi. Aiandike mpaka mwisho bila kurudi nyuma, aruke mstari mmoja kila baada ya mstari ili baadaye kuwe na nafasi, na neno asilolipenda alipige mstari bila kulifuta, huenda akalitaka kesho. Usiombe kusoma nusu. Ukishasoma nusu na kusema "vizuri", nusu ya pili itaandikwa kukufurahisha wewe. Kumbuka pia watoto wengi huku wanaandika baada ya kuchota maji, kupika na kulaza wadogo zao. Mwanafunzi akichelewesha rasimu, muulize kwanza muda wake wa jioni unaendaje, ndipo umwite mvivu.

Rasimu ikikamilika ifungiwe kabatini kama wiki moja. Watalalamika tena.

Sasa kuhariri, na hapa ndipo walimu tunapoharibu. Kalamu nyekundu iache ofisini. Tumia penseli, na pembeni andika maswali tu: "Bibi yuko wapi wakati huu?" "Amejuaje?" Ukiandika sentensi nzuri badala ya yake, ataichukua, na atakuwa sahihi kuichukua, wewe ni mwalimu wake. Itabaki humo iking'aa peke yake, na msomaji yeyote makini ataiona.

Anzeni na matukio, kisha sentensi, na herufi ziwe za mwisho kabisa. Hakuna faida ya kurekebisha r na l kwenye aya ambayo kesho itaondolewa. Na makosa hayo utayakuta mengi, kwa kuwa wengi wamekuja shuleni na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena kinywani. Yapo, yatatoka, wala hayamfanyi mtoto asiwe mwandishi. Kwa maneno yenye utata fungueni Kamusi Kuu ya BAKITA, mfungue pamoja, ili azoee kutafuta mwenyewe.

Kwenye matukio, mambo mawili yatakuchukulia muda. La kwanza ni salamu. Watoto wetu wana adabu, na adabu hiyo wanaihamishia kwenye karatasi: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, mama hajambo, hajambo. Nusu ukurasa umekwisha na dalali hajashuka kwenye lori. Usimwambie azifute zote. Mwambie aache ile inayobeba jambo. Lusajo akimpita dalali bila shikamoo, na bibi akamgeukia kwa macho, msomaji wa Kiswahili ameshaelewa kila kitu bila neno "hasira" kutajwa. Na kama bibi anasalimia "Ugonile", iachwe hivyo hivyo. Jibu la jirani litamsaidia asiyejua, na bibi atabaki kuwa bibi wa Rungwe.

La pili ni "ghafla". Kila kigumu kinapofika, ghafla anatokea polisi, ghafla anatokea mjomba kutoka Dar. Mwambie msaada wowote utakaofika mwishoni uwe umeonekana mwanzoni. Kama afisa wa vipimo atasimamisha lori, basi asubuhi mtu ataje kwamba jana alikuwa akizunguka barabara hiyo. Kisha muulize kama hadithi inamhitaji kweli huyo afisa. Mara nyingi haimhitaji.

Kwenye sentensi, mfundishe kusikia. Mpe mwenzake aisome kwa sauti, mwandishi akae na daftari na penseli, aweke alama kila msomaji anapokwama. Anapokwama mara mbili palepale, pana tatizo, na hana haja ya wewe kumwambia. Utaona pia jinsi -li- inavyochosha: "Bibi alichukua gunia, alilifungua, aliongeza viazi, alilia." Mwambie aache ya kwanza tu na nyingine azipe -ka-: "Bibi alichukua gunia, akalifungua, akaongeza viazi, akalia." Hadithi inatembea. Halafu mwoneshe kwamba akirudi kwenye -li- katikati, msomaji anahisi wakati umekatika, kwa hiyo aitumie pale tu anapotaka ukatike. Neno "akalia" nalo alitazame upya. Bibi anayeshona tena mdomo wa gunia bila kumtazama mjukuu anauma zaidi. Hili usimlazimishe, watoto wengine wanataka machozi, na hadithi ni yao.

Ile aya ya "inatufundisha kwamba" itatoka kwa shida kuliko zote. Kuna njia moja inayonisaidia. Mwombe aisome hadithi mbele ya wenzake bila aya hiyo, kisha awaulize wanadhani inahusu nini. Wakitaja lumbesa, au uonevu, au Lusajo kukua siku hiyo, dhamira yake imefika yenyewe, sasa anaweza kuiita kwa jina. Wakishindwa, aya ile haitaokoa kitu. Arudi kwenye matukio.

Mtaulizwa kuhusu mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2023, imewapa watoto sababu ya kuota, na hilo ni jema. Ila usiipeleke hadithi ya mtoto popote ikiwa na sentensi zako. Na usiruhusu tarehe ya mwisho iwarukishe ile wiki ya kabatini, wasubiri mwaka unaofuata.

Nakala safi ikishaandikwa, ibanwe pamoja na mpango na rasimu zote, jina na tarehe juu, ikae kwenye faili la klabu. Mwanafunzi mpya akija na hadithi ya tajiri wa Dar, mpe faili asome rasimu ya kwanza ya Lusajo kabla hajasoma ya mwisho.