Kabla ya Kununua Kamera ya Filamu ya 120, Nunua Stendi

Mkanda wangu wa kwanza wa filamu ya 120, ile pana kuliko ya kawaida ya 35mm, niliumaliza bandarini Malindi, Unguja, asubuhi moja ya kusi, mabaharia wakishusha magunia jahazini. Picha kumi, na zote kumi zilitikisika. Kamera haikuwa na kasoro. Ilikuwa Mamiya RB67, na mimi nilikuwa nimeizoea kamera ndogo ya 35mm ambayo nilikuwa naishika mkononi kwa spidi ya sekunde 1/30 na picha inatoka safi. RB67 pamoja na lenzi yake ya 90mm inakaribia kilo 2.7, na kile kioo cha ndani ni kikubwa kiasi kwamba kinapoinuka unakisikia mpaka kwenye viganja.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi kuhama 35mm, namwambia kamera iwe kitu cha mwisho kununua. Mimi nilidunduliza, fedha zote nikazimalizia kwenye kamera, halafu ikakaa kabatini miezi minne kwa kukosa vitu vya kuitumikia.

Faida ipo, tena kubwa. Fremu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36. Ya 6x7, ndiyo inayotoka kwenye RB67, ni 56 kwa karibu 70, eneo lake mara nne na nusu. Ukikuza picha, nyuzi za kofia ya kiua zinahesabika moja moja. Lakini fremu kubwa inataka lenzi ndefu zaidi ili ione upana uleule, na lenzi ikirefuka, sehemu ya picha inayokuwa kali, yaani inayoonekana wazi, inapungua. Ukimpiga mtu picha ya uso kwa karibu na tundu la lenzi umelifungua lote, jicho linakuwa kali na sikio limeshapotea. Unalazimika kubana tundu mpaka f/11 au f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), spidi inashuka mpaka 1/15 au chini yake, na hapo mikono haifai tena.

Ndiyo maana naanza na stendi. Zile nyepesi za simu na kamera ndogo ziache, zinayumba hata upepo wa baharini ukizigusa. Mimi nilipata stendi kuukuu ya mbao ya wapima ardhi. Skrubu yake ni ya inchi 5/8, na matundu ya kamera ni ya 1/4 au 3/8, kwa hiyo fundi wa mashine ya kukereza alinichongea kipande cha chuma cha kuunganisha, juu yake nikafunga kichwa cha kugeuzia kamera. Ni nzito kubeba vichochoroni, lakini tangu siku hiyo sijaona tena mtikisiko. Ongeza na waya wa kubonyezea kamera bila kuigusa, ni wa bei ndogo. Lenzi za RB67 zina sehemu ya kuinua kioo kwanza, kitulie, ndipo ufungue shata (mlango wa kupitisha mwanga) kwa huo waya. Kwa spidi za 1/8 na 1/4 tofauti inaonekana waziwazi.

Kitu cha pili ni kipima mwanga. RB67 haina, wala haitumii betri. Yashica Mat-124G, kamera nyingine ya filamu ya 120, inacho, ila kiliundwa kwa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena, na ukiweka ya kisasa yenye volti tofauti, kipimo kinaweza kukudanganya. Programu ya simu inatosha kuanzia. Jua likiwa kali, kanuni ya zamani bado inafanya kazi: f/16, na spidi iliyo karibu na namba ya filamu (ISO, wepesi wake wa kunasa mwanga), yaani filamu ya 100 kwa 1/125. Jihadhari tu na kuta za chokaa za Mji Mkongwe. Kipima mwanga cha kuelekeza kwenye kitu kinataka kuufanya ukuta mweupe uwe wa kijivu, kwa hiyo mtu mwenye kanzu mbele ya ukuta huo anatoka mweusi. Ongeza mwanga hatua moja (yaani mara mbili ya mwanga) au moja na nusu.

Kisha ulizia pa kusafishia kabla hujapiga hata picha moja. Duka linalopokea 35mm si lazima lipokee 120. Langu lilinirudishia mkanda mkononi, ndipo nikaamua kujifunza nyumbani.

Vifaa vya nyumbani ni vichache: mfuko wa giza, tangi, kipimajoto, dawa ya kusafishia na fiksa ya kuifanya picha isifutike. Tangi angalia ujazo, maana mkanda mmoja wa 120 kwenye tangi la Paterson unahitaji mililita 500 za dawa, wakati wa 35mm unatosheka na 290. Gurudumu la ndani linaloshika filamu huvutwa likapanuka ili litoshee 120. Kazi ngumu ni kuiingiza filamu kwenye gurudumu hilo. Joto la Unguja linatoa jasho viganjani, mfuko wa giza unakuwa kama chungu cha mvuke, na filamu ikigusa plastiki yenye unyevu inanata papo hapo. Mara ya kwanza nilihangaika dakika arobaini, nikaikunja filamu, na alama za mikunjo zikatokea kama miezi michanga kwenye anga la picha. Sasa nafanya usiku, feni ikiwaka, gurudumu nimelianika juani tangu mchana. Toa mkanda mmoja sadaka, ufanyie mazoezi mwangani, halafu umefumba macho.

Maji ya bomba kwetu yana joto la nyuzi 28 hivi, na maelekezo mengi ya dawa ni ya nyuzi 20. Naweka chupa za dawa kwenye beseni la maji ya barafu. Pia naizimua dawa: filamu ya nyeusi na nyeupe ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika saba na nusu, ukizimua nusu kwa nusu ni 13. Muda mrefu unakupa nafasi, kwa sababu joto likipanda kidogo unapunguza dakika bila kufika kwenye zile fupi mno zinazoacha madoa.

Skana ya kuingizia picha kwenye kompyuta hakikisha ina nafasi ya 120, kwani nyingine zinaishia 35mm.

Baada ya hapo ndipo kamera. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya studio miaka mingi alinifundisha kuipima. Nilimpa kamera ambayo mwenzangu alitaka kuinunua, akaweka spidi ya sekunde moja, akaisogeza sikioni. "Sikiliza, mwanangu." Shata ilianza kulia, ikakwama katikati, ikamalizia kwa kujivuta. Grisi imekauka. Tukaiacha.

Akamulika na tochi ndani ya lenzi, akanionesha nyuzi nyeupe za ukungu (kuvu). Pwani ukungu haukosi. RB67 yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na chembe za silika za kunyonya unyevu, za rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani nazikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka rangi irudi.