Kwa kwezi, do haihami

Swali la wiki lilikuwa hili: “Je, ndege husikia wimbo kama tunavyousikia sisi?” Mimi ni mwalimu wa kwaya, na jibu langu ni hapana. Ila tofauti haiko pale wengi wanapoidhania.

Husemwa kwamba ndege ana sikio kali kuliko letu. Kwa noti, sivyo. Ndege wengi waliopimwa hutambua sauti mbili zikipishana kwa karibu asilimia 1, na binadamu hutambua hata chini ya hapo. (Nusu toni ni karibu asilimia 6, kwa hiyo kwaya ikiteleza, ndege naye anajua!) Kupima noti ipi ndefu na ipi fupi, tuko nao karibu sawa.

Tunaachana kwenye kile ambacho sikio linakishika. Leo naandika ubaoni “do ni G”, yaani noti ya kwanza ya ngazi yetu iwe G. Kesho sauti ya kwanza wanaamka na mafua, nashusha do mpaka E. Hakuna mwanakwaya atakayeniuliza huu ni wimbo gani. Kwezi wa Ulaya, ndege mwimbaji, angeuliza. Katika miaka ya 1980, Stewart Hulse na Jeffrey Cynx wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwafundisha kwezi kutofautisha noti zinazopanda na zinazoshuka. Wakafaulu vizuri tu. Mfuatano uleule ulipohamishwa oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata), wakapotea.

Kwa muda mrefu ikaaminika kwamba kwezi hushika noti yenyewe, mahali pake pale pale. Mwaka 2016 Micah Bregman, Aniruddh Patel na Timothy Gentner wakalitia shaka hilo: kwezi waliutambua mfuatano hata noti zilipofutwa na kubaki mvumo uliohifadhi rangi ya sauti tu. Rangi ndiyo inayokufanya usikie “a” na “o” kuwa mbili ingawa zimeimbwa kwa noti moja. Nakiri matokeo haya yalinifurahisha kuliko yale ya kwanza.

Sasa njoo kwenye muda, maana hapa ndipo wanapotuacha mbali. Robert Dooling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walikuta kwamba finchi pundamilia, kandege ka Australia kenye mdomo mwekundu, hutambua mabadiliko ndani ya sauti yanayotokea kwa milisekunde (elfu moja ya sekunde) 1 au 2. Watu waliosikilizishwa sauti zilezile walishindwa. Zaidi ya hapo, ukipangua silabi za wimbo wake, hajali sana. Geuza silabi moja tu iende kinyumenyume, anashtuka mara moja. Sisi tungefanya kinyume chake kabisa.

Na mambo haya hayaishii maabara. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza matokeo kuhusu kiongozi-asali, ndege anayewapeleka watu kwenye mizinga ya nyuki. Wahadzabe wa kwetu Tanzania humwita kwa mluzi wenye tuni. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa “brrr” ndefu inayomalizikia na “hm”. Ndege ni wa aina moja, lakini kule kwa Wahadzabe waliitikia mluzi zaidi ya mara 3 kuliko sauti ya Wayao, na Niassa wakaipendelea “brrr-hm” kwa karibu mara 2.