Regle (hedhi) baada ya kutoa mimba kwa vidonge: usihesabu na kalenda yako ya zamani

Ma dada wa hapa Goma na wa popote mulipo, hii mambo watu wanaisemaga kwa sauti ya chini sana, na mimi wakati inanifikia nilikosa hata mtu moja wa kuniambia damu itakatika lini na mwezi wangu utarudi lini. Njo maana naandika.

Mimba ya pili ilinipandisha presha mpaka nikaanguka kifafa, walinitoa mtoto kwa upasuaji na mimi sijitambui. Ya tatu ilipoingia, docta alinikalisha na bwana yangu akatuambia hii inaweza kuniua. Wengi hawajue kama Protokole ya Maputo, mapatano ya Afrika juu ya haki za wanawake, inatumika kwetu Kongo, ilitoka katika Journal officiel (gazeti la serikali) mwaka wa 2018, na kifungu cha 14 kinaruhusu kutoa mimba kama ni ya kubakwa, ya ndugu wa damu, ao kama inahatarisha maisha ya mama ao afya yake ya mwili na ya akili. Kwa hiyo mimi nilisaidiwa hospitalini, siyo kwenye chumba cha nyuma cha mtu.

Nikameza mifepristoni kidonge kimoja, kesho yake nikaweka vidonge 4 vya misoprostoli ndani ya mashavu. Maumivu yalikuwa makali, mabonge yakatoka, usiku ukapita.

Sasa yenyewe ilianza pale nilipofikiri imeisha. Mimi nauzaga vitenge, niko na kaye (daftari) ya madeni, basi kwa ukurasa wa nyuma nikaanza kuandika kila siku: damu nyingi, damu kidogo, matone, hakuna. Siku ya 9 nikaandika hakuna nikafurahi, siku ya 11 ikarudi tena nyekundu kabisa, nikalia nikisema wameniharibu. Kumbe ni kawaida. Wengi wanatoka damu wiki moja mpaka mbili, wengine matone yanaenda mpaka karibu mwezi muzima, inakatika na kurudi, na siku ukibeba bidoni za maji ao ukitembea sana utaiona imeongezeka. Ile siyo regle, ni tumbo linajisafisha. Kosa langu lilikuwa ile: nilihesabu damu ya siku ya 11 kama mwezi mupya, nikapanga na tarehe zangu za zamani, na tarehe ilipopita bila kitu, roho ikanitoka.

Lakini mbele ya hapo, siku ya 19 nilituma mtoto wa jirani farmasi aninunulie kipimo (nilimudanganya ni cha mtu mwengine, Mungu anisamehe). Mistari miwili. Nilikaa chini pale kwenye choo, miguu ilikataa kunibeba, nikajua mimba iko palepale ao nimepata ingine. Nikapanda moto (pikipiki) mpaka hospitali na ile muvua ya Goma yote juu yangu. Muforomo (muuguzi), mama mutu mzima, akanipokea akaniuliza, binti yangu, kichefuchefu bado iko? Hapana mama. Matiti bado yanauma? Hapana. Akaniambia basi tulia, homoni ya mimba inakaa ndani ya damu kwa wiki kama 4 hivi, kipimo kinaona ile iliyobaki, kinadanganya. Pima tena wiki 4 zikipita tangu dawa, kikisema bado mimba iko, njo unarudi tukuangalie na ekografi (mashine ya kuona ndani ya tumbo). Nilipima wiki ya tano, mustari moja. Ningejua mapema singelia vile.

Regle yenyewe ilirudi wiki ya sita. Kwa wengi inarudi kati ya wiki 4 na 8, hesabu tangu siku ya misoprostoli, siyo tangu damu ilipokatika. Yangu ilikuja nzito kuliko nilivyozoea, siku 7 badala ya 4, kiuno kinavutwa, kotexi (pedi) zikaisha nikaanza kutumia vitambaa (hivi muvifue na sabuni muvianike kwa jua juu ya mawe, siyo kuvificha chini ya kitanda, unyevu unaleta magonjwa). Wa pili ulichelewa siku 5. Wa tatu ukakaa sawa. Yaya yangu (dada mkubwa) yeye ya kwanza ilikuja kidogo tu, siku 2, na alikuwa muzima. Kwa hiyo usijipime na mwengine.

Lakini hii naomba muisome mara mbili: yai linatangulia, regle inafuata. Yai linaweza kutoka mapema hata siku ya 8 baada ya dawa, wakati ungali na matone kwenye nguo. Jirani yangu alingoja "mwezi urudi kwanza" ndio afikirie uzazi wa mpango, mwezi haukurudi, mimba ndiyo iliingia. Kijiti ao sindano unaweza kupewa siku ileile ya dawa, kitanzi kinangoja mpaka wahakikishe tumbo limesafika. Mimi kwa woga nilikataa vyote nikabaki na kondomu, kijiti nikaweka mwezi wa tatu, na hicho nacho kinachezesha regle, kwa hiyo usisingizie dawa zile za kwanza. Wenye presha kama mimi, mumwambie docta mbele ya kuchukua vidonge vya uzazi, kuko vyenye homoni ya estrojeni havitufai.

Kuko siku za kukimbia. Ukilowesha kotexi kubwa 2 kwa saa moja, na saa inayofuata tena vile, ao homa ya 38 inapitisha siku nzima, ao harufu mbaya, ao tumbo linakukata upande moja, ao kizunguzungu cha kuanguka, usingoje asubuhi, lipa moto hata usiku. Na kama ulimeza dawa damu haikutoka kabisa, rudi palepale, mimba inaweza kuwa imekaa nje ya kizazi.

Sokoni watakupa majani ya kunywa, wengine ya kuingiza chini eti yanavuta mwezi. Usiingize kitu. Kula lengalenga, maharagi, sambaza (samaki ndogo), damu irudi mwilini. Wiki 8 zikipita hakuna regle, pima, na hata kipimo kikisema hapana, chukua ile kaye yako uende nayo kwa docta aione siku kwa siku.