Koki ya Gololi Ikivuja Kwenye Baridi Kali, Usikimbilie Spana

Koki ya kwanza niliyoikerezea viti (pete za plastiki zinazoibana gololi, ule mpira wa chuma unaofungua na kufunga njia) kwa ajili ya naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, niliipima hapahapa karakanani Tabora. Upepo wa kompresa, ndoo ya maji, hakikutoka hata kipovu kimoja. Wiki ileile mteja wangu, anayehifadhi mbegu za kuhimilisha ng'ombe, akapiga simu: "Fundi, koki inafuka moshi." Nikaenda, nikakaza boliti. Ikatulia siku mbili, kisha ikavuja kuliko mwanzo.

Viti vile nilivipima kwenye joto la Tabora, ilhali kazi yao iko nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikishuka mpaka huko, tefloni, plastiki niliyotengenezea viti, husinyaa takriban asilimia 2, chuma cha pua kama asilimia 0.3 tu. Kiti cha kipenyo cha milimita 50 kinapungua milimita nzima, na nyumba yake ya chuma haipungui hata milimita 0.2. Ndiyo maana koki ilikuwa nzito kuzungusha na bado inavuja: kiti kimeikumbatia gololi, lakini mgongoni kimeachana na chuma, gesi inapita nyuma yake. Mimi nilikuwa nahangaika na uso wa gololi! Na kukaza kuliharibu zaidi, kwa sababu tefloni ikibanwa sana ikiwa na joto hutambaa pembeni, na hairudi.

Kilichonisaidia ni kupunguza plastiki. Siku hizi natumia PCTFE, plastiki nyingine ambayo husinyaa karibu nusu ya tefloni, naifanya nyembamba na kuivika ndani ya pete ya chuma cha pua. Nyuma ya pete naweka springi ya chuma hichohicho, ili kiti kikipungua unene kisukumwe kuifuata gololi. Springi ifanye kazi ya boliti.

Kwenye tundu la kupumulia la gololi, nakusihi usizembee. Koki ikifungwa, maji ya naitrojeni hubaki yamenaswa tumboni mwake. Yakipata joto yanataka kuwa gesi, ujazo karibu mara 700, na koki inaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Toboa tundu dogo kwenye gololi, litazame upande wa tangi koki ikiwa imefungwa. Kuanzia hapo koki inafungwa kwa mwelekeo mmoja tu, kwa hiyo chonga mshale kwenye bodi, rangi inabanduka.

Shingo ya mpini iwe ndefu na isimame wima, pakingi (kizibo laini kinachozuia uvujaji kwenye mpini) ikae mbali na baridi.

Kupima, izamishe koki yenyewe kwenye naitrojeni ya maji, ngoja mchemko utulie, kisha ingiza heliamu. Gesi ya naitrojeni ukiitia presha kwenye baridi hiyo inageuka maji, inakudanganya. Koki ipashe joto, ipoze tena, uipime upya. Ya kwangu ilifaulu mzunguko wa kwanza, ikavuja wa tatu, nikabadilisha springi.