Nyumba Texas: kinga ya makazi haiondoi haja ya bima

Mwenzetu aliyenunua nyumba Houston ameuliza kama kinga ya makazi iliyomo katika sheria za Texas inatosha kumlinda, ili aachane na gharama ya bima. Nami ninamiliki nyumba katika jimbo hilohilo, na jibu langu ni kwamba haitoshi hata kidogo.

Kinga hiyo, iliyoanza mwaka 1839 Texas ilipokuwa bado jamhuri, humzuia mdai wa kawaida, kama vile wa kadi ya mkopo au bili ya hospitali, asilazimishe nyumba unayoishi iuzwe, hata kama amekushinda mahakamani. Thamani ya nyumba haina ukomo. Kinachopimwa ni ardhi, yaani ekari 10 mjini na ekari 200 kwa familia iliyo nje ya mji. Kinga huja yenyewe kwa kumiliki na kuishi humo. Nafuu ya kodi ya majengo ndiyo inayoombwa, katika ofisi ya uthamini ya kaunti, na maombi ni bure. Baada ya kununua nililetewa barua iliyopambwa mithili ya waraka wa serikali, ikinitaka nilipe ada ili niombewe nafuu hiyo. Ukiipata ya namna hiyo, tafadhali usilipe.

Hata hivyo, kinga haimzuii aliyekukopesha fedha za kununulia nyumba, wala mamlaka za kodi. Ukiacha bima huku mkopo ungalipo, mkopeshaji ataikata mwenyewe na kukutoza wewe, kwa kawaida kwa bei ya juu zaidi, na bima hiyo hulinda hasa maslahi yake. Na mgeni akiumia kwako akakushtaki, sheria italinda nyumba, lakini akiba yako benki iko wazi. Hapo ni bima itakayolipa wakili na fidia.

Mvua ya mawe ilipoharibu paa langu, ndipo nilipoona umuhimu wa ukurasa wa kwanza wa hati ya bima. Sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kwa upepo na mvua ya mawe mara nyingi huandikwa kwa asilimia ya kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima, si ya hasara: asilimia 2 ya dola 300,000 ni dola 6,000. Angalia pia kama paa litalipwa kwa bei ya kuezeka upya au baada ya kupunguziwa uchakavu. Fundi akikuahidi kukusamehe sehemu yako, mkatae, kwa kuwa sheria ya Texas ya mwaka 2019 inakataza. Mkataba wake nao usomeni kwa makini, wewe na mwenzi wako, kwa sababu mkataba wa ukarabati uliosainiwa na wanandoa wote kabla ya kazi kuanza unaweza kumpa fundi haki ya kulazimisha nyumba iuzwe asipolipwa, haki ambayo wadai wa kawaida hawana.

Mafuriko hayamo katika bima ya kawaida. Wengi Houston walilijua hilo baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017. Bima ya serikali kuu hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, lakini kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1, kwa hiyo ikate kabla Aprili haijaisha.