Mwaloni wa Emory si mwalo wa samaki

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya Quercus emoryi, mti wa milima ya Arizona, kwa ajili ya jarida la mazingira. Mimi niliandika "mwaloni wa jangwani". Mhariri ameweka "mti wa mwaloni Emory", na wingi wake "miwaloni". Tunda lake sijalipatia jina. Tuandike vipi?

JIBU: Mwaloni ni sahihi, na si neno geni: Biblia inayo "mialoni ya Mamre" katika Mwanzo 13:18. Wingi wake unafuata njia ya mwembe–miembe na mwarobaini–miarobaini. Ile w ni u ya kiambishi mu- iliyokutana na irabu. Haimo kwenye shina la neno, ndiyo maana "miwaloni" ni kosa.

Penye mtego hasa ni -ni ya mwisho. Kwa msomaji wa Mwanza, mwaloni ni pale mitumbwi inapoegesha na samaki kushushwa. Soko la samaki la Kirumba linaitwa hivyo hivyo. Hapo neno ni mwalo lililotiwa kiambishi cha mahali, na hata wingi wake, mialoni, unafanana na wa mti. Kinachoyatenga ni upatanisho: "mwaloni kumejaa dagaa", lakini "mwaloni umejaa matunda". Kichwa cha habari kisicho na kitenzi, kama "Maisha ya mwaloni", kitampeleka msomaji ziwani. Kwa hiyo "mti wa mwaloni" ya mhariri ina kazi: itumieni mara moja mwanzoni, kisha mwaloni peke yake. Na kwa kuwa -ni hii ni ya shina, haiongezwi nyingine. Ndege hatui "mwalonini", hutua kwenye mwaloni.

Emory ni William Hemsley Emory, ofisa mpimaji wa jeshi la Marekani; mtaalamu wa mimea John Torrey aliupa mti jina lake mwaka 1848. Andikeni mwaloni wa Emory, wingi mialoni ya Emory. Unganishi, yaani hiyo wa au ya, usidondoshwe. Katika jina la kisayansi Quercus huanza kwa herufi kubwa na emoryi kwa ndogo, yote kwa italiki, baadaye Q. emoryi yatosha.

"Wa jangwani" ningeifuta. Mti huu hauoti kwenye tambarare kavu ya chini. Huota kwenye milima inayochomoza katikati ya jangwa, kama Chiricahua na Santa Rita, takriban mita 1,200 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na vilevile Meksiko ya kaskazini. "Mwaloni wa milima iliyozungukwa na jangwa" ni ndefu, lakini ni kweli.

Majira nayo huteleza. Matunda huiva kati ya Juni na Agosti, na mfasiri huandika "kiangazi" bila kufikiri. Kwetu kiangazi ni ukavu, ilhali Arizona mvua kubwa hunyesha Julai na Agosti. Tajeni miezi. Majani hukaa mtini wakati wote wa baridi, yakapukutika karibu na kuchipua mapya: majani hupukutika, mti huyapukutisha.

Tunda liiteni tunda la mwaloni, na kile kinacholishika kikombe. Jozi na lozi ni matunda mengine kabisa, msiyaazime. Wenyeji wanaosema Kihispania huliita bellota, neno lililotoka kwenye Kiarabu. Tanini yake, yaani kemikali inayoleta ukakasi mdomoni, ni kidogo kuliko ya mialoni mingi, hivyo huliwa bila kulowekwa kwanza. Waapache, wenyeji wa asili wa eneo hilo, hulikusanya, hulivunja ganda, huondoa makapi, kisha husaga kiini kuwa unga wa kutia kwenye mchuzi wa nyama. Kwa kuvunja ganda kitenzi ni kubangua, kama korosho. Kumenya ni kwa chungwa au kiazi, na kukoboa ni kwa mahindi na mpunga.